Kunyamazisha Jeni: Tuelewe Kwanza, Ndipo Tuhukumu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Himdi zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Makala hii ni deni ninalolilipa. Muhula uliopita, katika darsa yetu ya baada ya swala ya Isha, dada mmoja wa mwaka wa kwanza kutoka Muyinga aliuliza swali. Alikuwa amesikia kwamba katika nchi jirani umefanyiwa utafiti muhogo ambao ndani yake kuna jeni inayonyamazishwa ili usiugue. Akauliza: "Mbegu hiyo ikifika kwetu, mama yangu anaruhusiwa kuipanda na kuila?" Kwa kuwa mimi ndiye nisomaye masomo ya Kiislamu, macho yote yaligeuka kwangu. Sikusita. Nikasema ni haramu, kwa sababu huko ni kubadilisha maumbile ya Allah, na aya nikaitaja. Watu wakanyamaza, nami nikaridhika na nafsi yangu.

Tulipokuwa tukivaa viatu mlangoni, ndugu mmoja anayesoma biolojia akaniuliza kwa upole: "Kaka, jeni inayonyamazishwa katika muhogo ule ni ya nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehukumu jambo ambalo hata mwenyewe wake sikumjua.

Maulamaa wa usul al-fiqh wametufundisha kwamba hukumu ya kitu ni tawi la ufahamu wa kitu hicho. Shina likiwa limeoza, tawi halizai. Basi nikaenda kujifunza, nikauliza, nikasoma. Hapa nakuletea niliyoyapata: jeni hunyamazishwaje maabara, wanasayansi wanahakikishaje kwamba hawajidanganyi, na sisi tunapaswa kujiuliza nini kabla ya kusema halali au haramu.

Muhogo wa Mutoyi

Swali la yule dada lilinigusa kuliko alivyojua. Bibi yangu analima Mutoyi, katika milima ya Gitega. Muhogo kwake ni kila kitu: unga wa ugali, majani ya sombe, na akiba ya ardhini pale maharage yanaposhindwa. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, shangazi yangu alikuja kutoka Muyinga na zawadi ya mzigo wa vipando vya muhogo, vinene na vizuri. Vikapandwa. Mashina yakasimama vizuri, majani yakawa ya kijani na madoa ya manjano hapa na pale, hakuna aliyejali. Siku ya kuchimba, bibi alikata kiazi cha kwanza kwa kisu na ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, magumu kama gome. Cha pili vilevile. Cha kumi vilevile. "Imyumbati yaraboze," alisema kwa Kirundi, muhogo umeoza, akakaa chini.

Kabla ya wiki kwisha, mtaa ulikuwa na maelezo. Kulikuwa na mama mjane aliyepita shambani siku za kupanda. Ikasemwa ni yeye, ana jicho, amefanya jambo. Hakuna aliyemuuliza. Watoto tukaacha kupita mbele ya nyumba yake, nami nikiwa miongoni mwao. Miezi ikapita ndipo bwana shamba alipokuja, akapasua viazi, akatazama majani, akauliza swali moja tu: vipando vilitoka wapi? Akatueleza kwamba ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, kwamba huletwa na virusi, na kwamba virusi husafiri ndani ya vipando. Tuliuleta wenyewe, kwa mkono wa mapenzi, kutoka Muyinga. Bibi alienda kwa yule mama kuomba msamaha. Alisamehe, lakini mwaka ule mzima alikuwa ameishi peke yake.

Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat inatuamrisha kuichunguza habari inapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sisi tulidhuru, kisha tukajuta. Na katika darsa ile, miaka mingi baadaye, nilirudia kosa lilelile kwa nguo ya elimu.

Kitabu cha maktaba na fotokopi

Tuanze na msingi. Ndani ya kila seli ya kiumbe mna DNA, ambayo ni kama kitabu cha rejea katika maktaba ya chuo: hakiazimwi, hakitoki mlangoni. Jeni ni kama sura moja ya kitabu hicho, yenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Seli ikihitaji protini hiyo, hupiga fotokopi ya sura ile tu. Fotokopi hiyo ni RNA, tunaiita RNA ya ujumbe. Hutoka kwenye kiini, hufika kwenye karakana ya seli, husomwa, na protini hutengenezwa. Protini ndizo zinazofanya kazi: kujenga, kuvunja, kusafirisha, kulinda.

Sasa, ukitaka sura fulani isifanye kazi una njia mbili. Ya kwanza ni kuingia maktabani na kuichana kitabuni. Hiyo ni kuibadilisha DNA yenyewe. Ya pili ni kuliacha buku lilivyo, lakini kila fotokopi ya sura ile inapotoka mlangoni, mtu aidake na kuichana. Kitabu ni kizima, ila ujumbe haufiki. Njia hii ya pili ndiyo kunyamazisha jeni kwa RNA fupi ziingiliazo, ambazo wanasayansi huziandika siRNA.

Zingatia tofauti hii, ndugu msomaji, kwa sababu katika darsa ile mimi sikuwa nayo. Kunyamazisha si kufuta. Ni kupunguza sauti, na mara nyingi sauti haizimiki yote.

Ilivyogunduliwa

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, akiwemo Carolyn Napoli na Richard Jorgensen, walitaka maua ya petunia yawe na zambarau iliyokolea zaidi. Wakaongeza nakala nyingine ya jeni ya rangi. Walitarajia rangi zaidi, lakini baadhi ya maua yakatoka meupe kabisa na mengine yenye mabaka. Jeni iliyoongezwa ilikuwa imejinyamazisha yenyewe na kuinyamazisha na ile ya asili. Hawakujua kwa nini, lakini walichapisha walichokiona.

Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walipata ufunguo kwa kumtumia mnyoo mdogo sana wa udongoni. Walionyesha kwamba RNA yenye nyuzi mbili zilizoshikana, ambayo herufi zake zinalingana na jeni fulani, hunyamazisha jeni hiyo kwa nguvu kubwa kuliko uzi mmoja peke yake. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2006. Mwaka 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe, Uingereza, waliona katika mimea vipande vifupi sana vya RNA vinavyoandamana na unyamazishaji. Na mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl, Ujerumani, likathibitisha kwamba vipande vya herufi 21 tu, vilivyotengenezwa maabara, vinaweza kunyamazisha jeni katika seli za binadamu. Kabla ya hapo, RNA ndefu ya nyuzi mbili ilipoingizwa katika seli za mamalia iliamsha kengele za kinga na seli nyingi zikafa, kwa kuwa seli ilidhani imevamiwa na virusi. Vipande vifupi vilipita bila kupiga kengele hiyo kubwa.

Ufundi huu haukuvumbuliwa na mwanadamu. Mimea na wadudu walikuwa nao kabla yetu, kama silaha dhidi ya virusi. RNA ya nyuzi mbili ikionekana ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho Dicer huikata vipande vya herufi 21 hivi. Kipande hupokewa na protini iitwayo Argonaute. Uzi mmoja hutupwa, mwingine hubaki kama kielelezo. Argonaute hutembea na kielelezo hicho ikitafuta RNA ambayo herufi zake zinalingana nacho. Ikiipata, huikata katikati. Mwanadamu alichofanya ni kujifunza kuandika kielelezo. Subhanallah, elimu hii ilikuwa imewekwa ndani ya jani la muhogo wa bibi yangu kabla ya sisi kuwa na chuo.

Maabara wanafanyaje?

Tuseme mtafiti anataka kujua jeni fulani ina kazi gani. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, huchagua ndani ya jeni hiyo mfuatano wa herufi usiopatikana kwenye jeni nyingine, na kuagiza siRNA inayolingana nao: nyuzi mbili, kila moja herufi 21, herufi 19 zikiwa zimeshikana na mbili zikichungulia kila upande.

Pili, huiingiza kwenye seli zinazokuzwa katika sahani. Hapa kuna kikwazo: siRNA ina chaji hasi na hupenda maji, ilhali utando wa seli ni wa mafuta. Kwa hiyo huifunga ndani ya chembe ndogo za mafuta, na seli huzimeza.

Tatu, husubiri. Kwa kawaida ni kati ya saa 24 na 72.

Nne, hupima mara mbili. Hupima RNA ya ujumbe imepungua kiasi gani, kwa njia ya PCR ambayo wengi wetu tuliisikia wakati wa korona. Kisha hupima protini yenyewe. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu fotokopi zinaweza kuwa zimechanwa zote leo, lakini protini iliyotengenezwa jana bado ipo na inafanya kazi. Asiyengoja atasema, "Jeni imenyamaza na seli haikubadilika, basi jeni haina kazi." Atakuwa amekosea.

Tano, hutazama seli imebadilika vipi. Imeacha kukua? Imeshindwa kumzuia mdudu? Kile kilichopotea kinamwonyesha jeni ilikuwa inafanya nini.

Baada ya siku kadhaa, siRNA huisha au hugawanyika kidogo kidogo kadiri seli zinavyoongezeka, na jeni hurudi kusema. Katika sahani ya maabara, basi, jambo hili ni la muda.

Tabayyun ya maabara

Sehemu hii ndiyo iliyonifundisha zaidi. siRNA inaweza kukosea mlango. Herufi chache tu za mwanzo wa kielelezo, kuanzia ya 2 hadi ya 8, zikilingana kwa bahati na ujumbe wa jeni nyingine, ujumbe huo nao unaweza kupunguzwa. Mtafiti akaona seli zimekufa, akaituhumu jeni aliyoilenga, kumbe aliyeua ni mwingine. Ni yule mama wa Mutoyi tena: alionekana karibu na shamba, akahukumiwa.

Kwa hiyo watafiti makini wamejiwekea masharti.

Sharti la kwanza: seli nyingine hupewa mafuta yaleyale na siRNA ya uongo, ambayo herufi zake zimevurugwa zisilingane na jeni yoyote. Zikidhurika na hizo, basi tatizo ni mafuta au mchakato wenyewe.

Sharti la pili: hutumika siRNA mbili au zaidi, kila moja ikilenga sehemu tofauti ya ujumbe uleule. Zikitoa matokeo mamoja, uwezekano wa zote kukosea mlango uleule ni mdogo. Wenzangu wa masomo ya hadithi mtaitambua njia hii: ni mfano wa mutaba'a, njia ya pili inayoipa nguvu riwaya ya kwanza. Mlinganisho huu ni wa kufahamisha tu, lakini roho ya kazi ni moja: usisimame juu ya mguu mmoja ukiwa unaweza kupata wa pili.

Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote: kurudisha. Mtafiti huipa seli nakala ya jeni ileile iliyoandikwa kwa herufi tofauti kidogo, ili itoe protini ileile lakini siRNA isiitambue. Seli ikirudi katika hali yake, mtuhumiwa amethibitika. Isiporudi, mtuhumiwa aachiwe.

Nilipoyasoma haya niliona haya. Watu wanafanya uchunguzi wote huu ili wasiisingizie jeni, nasi tunamsingizia mja wa Allah kwa maneno ya njiani.

Mbu anayetufundisha

Mfano ulio karibu na maisha yetu ni wa mbu aina ya Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria Afrika. Hakuna nyumba ya Burundi isiyoijua malaria. Lakini vimelea wengi wanaoingia tumboni mwa mbu hufa humohumo kabla ya kufika kwenye mate yake. Nani anawaua?

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, Stéphanie Blandin na wenzake walidunga mbu jike, mmoja mmoja, kwa sindano nyembamba ya kioo, RNA ya nyuzi mbili inayolingana na jeni iitwayo TEP1. Mwili wa mbu wenyewe uliikata kuwa siRNA. Katika majaribio ya namna hii kundi la kulinganisha hudungwa RNA ya jeni ambayo mbu hana, ili ijulikane kwamba sindano yenyewe siyo sababu. Kisha mbu walilishwa damu yenye vimelea vya malaria ya panya. Waliokuwa na TEP1 iliyonyamazishwa walibeba vimelea wengi zaidi. Kwa kuinyamazisha jeni, ilijulikana kazi yake: protini ya TEP1 huwashika vimelea wanapopenya ukuta wa tumbo la mbu, na huchangia kuwaua. Faida ya kunyamazisha maabara ni hii, kwamba mlinzi hujulikana siku asipokuwepo.

Jeni ya nani?

Sasa turudi kwenye muhogo na swali la mlangoni.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kisayansi mara ya kwanza na H. H. Storey mwaka 1936, kutokana na kazi yake Amani, Tanganyika. Kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa mwambao na nyanda za chini. Kuanzia mwaka 2004 ulionekana ukienea Uganda, katika maeneo yaliyo zaidi ya mita 1000 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2011 ikachapishwa taarifa ya kisayansi ya kuwepo kwake Burundi. Huletwa na aina mbili za virusi vyenye RNA ya herufi kama 9000. Hubebwa na inzi weupe kwa masafa mafupi, na na sisi wenyewe, kwa vipando, kwa masafa marefu.

Muhogo una silaha ya kunyamazisha, kama nilivyotaja, lakini virusi navyo vina hila. Mwaka 2009 mtafiti Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha kwamba virusi vya ugonjwa huu vina protini iitwayo P1 inayoweza kuidhoofisha silaha hiyo. Virusi huingia, huzuia mlinzi, kisha huzaana.

Watafiti wa taasisi ya kilimo ya Uganda, NARO, katika kituo cha Namulonge, pamoja na wenzao wa KALRO ya Kenya na kituo cha Danforth cha Marekani, walifikiri hivi: vipi muhogo ukipewa kielelezo kabla adui hajafika? Wakachukua kipande cha jeni ya ganda la virusi, wakakipanga ili kikinakiliwa kijikunje na kuwa RNA ya nyuzi mbili, wakakiingiza katika DNA ya muhogo. Muhogo huikata RNA hiyo kuwa siRNA. Virusi vinapoingia, vinamkuta mlinzi ameshika picha yao mkononi. Matokeo ya mwanzo ya shambani Namulonge yalichapishwa mwaka 2012. Baadaye viliunganishwa vipande vya virusi vyote viwili, maana mlinzi aliyefundishwa sura moja anaweza kuipisha nyingine. Kinga ilionekana kuendelea hata vipando vilipokatwa na kupandwa tena. Mwezi Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayoteknolojia ya Kenya iliidhinisha aina mojawapo, iitwayo 4046, kuendelea na hatua za shamba la wazi.

Basi jibu la swali la mlangoni ni hili: jeni inayonyamazishwa ni ya virusi. Muhogo haunyamazishwi sauti yake hata moja. Lakini uaminifu unanitaka niseme na upande wa pili: ili kufanya hivyo, DNA ya muhogo imeongezwa kipande, na kipande hicho hurithiwa. Haifanani na siRNA ya sahani ya maabara inayokwisha kwa siku chache. Na si kila jambo lilikwenda vizuri. Watafiti wenyewe walichapisha kwamba mihogo ya aina ya TME 204 iliyooteshwa upya kutoka kwenye seli maabara ilipoteza kinga yake ya asili dhidi ya ugonjwa mwingine, batobato. Ukiziba tundu moja, tazama usifungue jingine.

Turudi kwenye hukumu

Aya niliyoitaja kwenye darsa ni ya 119 ya Suratun-Nisaa, inayosimulia ahadi ya shetani ya kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Niliitumia bila kufungua tafsiri. Nilipofungua nilikuta wafasiri wa mwanzo wametofautiana: wapo waliosema kinachokusudiwa ni kuibadilisha dini ya Allah, na ndiyo kauli aliyoipa nguvu Imam at-Tabari, wapo waliotaja kuhasi wanyama na kuchanja alama mwilini. Aya yenye upana huo wa tafsiri haitoshi kutupwa juu ya jambo jipya kwa sentensi moja.

Nilikuta pia kwamba Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao chake cha 15 mwaka 1998, liliruhusu kutumia uhandisi wa jeni katika kilimo na ufugaji, kwa sharti la kuchukua tahadhari zote kuzuia madhara kwa binadamu, wanyama na mazingira. Na sote tunaijua hadithi iliyomo katika Sahih Muslim kuhusu watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende kwa mikono. Mtume (s.a.w.) alitoa dhana yake, wakaacha, mavuno yakapungua, naye akawarudisha kwenye ujuzi wao katika mambo ya dunia yao. Mbora wa viumbe hakuona tabu kuwarudishia wakulima ufundi wao, sembuse mimi mwanafunzi.

Mimi si mufti, na makala hii si fatwa. Lakini naondoa neno langu la siku ile, na badala yake naweka maswali matatu ambayo naona yanapaswa kutangulia hukumu yoyote katika mlango huu.

La kwanza: jeni inayonyamazishwa ni ya nani? Ya virusi, ya mbu, ya mgonjwa, au ya mtu mzima wa afya anayetaka tu kujipamba?

La pili: athari ni ya muda au ni ya kurithiwa? Seli katika sahani si sawa na dawa. Zipo dawa za siRNA, ya kwanza ikiwa patisiran iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, na mgonjwa hurudia dozi kwa kuwa athari huisha. Na dawa si sawa na mmea unaorithisha.

La tatu: madhara yamechunguzwa na nani, na maslahi ni ya nani? Asili ya vitu ni uhalali, lakini hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mkulima atabaki na uhuru wa kugawa vipando vyake kama shangazi yangu alivyogawa, au atafungwa na bei ya mtu? Hilo nalo ni swali la fiqhi.

Neno la mwisho

Nilimtafuta yule dada wa Muyinga nikamwambia nilikosea kumjibu. Akacheka, akasema mama yake alikuwa bado anasubiri. Nilimpa ninachoweza kukisema bila kusita, nacho hakihitaji maabara: asipokee vipando kutoka shamba asilolijua, akate viazi vya shina mama na kutazama ndani kabla ya kuchukua vipando vyake, ang'oe mashina yenye dalili, na amuulize bwana shamba aina zinazostahimili. Mengine tutayajibu yakifika, tukiwa tumeyafahamu.

Ndugu msomaji wa fiqhi, rafiki yako wa maabara anahitaji elimu yako. Nawe ndugu wa maabara, usituache mlangoni na viatu mkononi, ingia ukae katika darsa. Allah anatuamrisha kuwauliza wenye kujua pale tusipojua, nao wapo safu moja nasi katika swala.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kunyamazisha jeni na kuifuta. Je, tofauti hiyo inaathiri hukumu?

2. Kwa nini mtafiti hutumia siRNA mbili tofauti kwa jeni moja? Linganisha na njia za kuthibitisha riwaya.

3. Taja jambo moja ambalo jamii yako imelihukumu bila uchunguzi. Ni nani aliyedhurika, na ameombwa msamaha?

4. Kama ungeitwa kwenye kikao cha wakulima na maulamaa Mutoyi kuhusu mbegu mpya, ni nani mwingine ungetaka awepo, na ungemuuliza nini kwanza?

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na ulimi unaongoja. Wabillahit-tawfiq, na Allah ni Mjuzi zaidi.